Barza zisifungiwe siasa, tufundishane kuizungumza

Mhariri,

Assalamu alaykum, na kazi njema wewe na wenzako wote hapo gazetini. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na munivumilie kwa urefu mana jambo lenyewe limenikaa rohoni muda mrefu.

Kuna msomaji mwenzetu aliandika hapa kupendekeza kuwa kila barza, kila duka na kila grupu la Whatsap hapa Zanzibar libandikwe tangazo la SIASA MARUFUKU, ati hivo ndo tutapata utulivu. Namheshimu na najua kilichomfikisha huko, nani asiyechoka na matusi ya msimu wa uchaguzi? Lakini sikubaliani nae. Barza za namna hiyo zipo tayari, mjini na shamba, watu wanapiga dumna, wanakunywa kahawa na kashata, wanabishana Simba na Yanga mpaka mishipa inawatoka shingoni, na siasa haiguswi. Na kila mmoja pale anajua mwenzake ni wa chama gani. Anamjua kwa mtaa anaokaa, kwa jina la babu yake, kwa kijiji alichotoka, na anamuwazia anayomuwazia kimoyomoyo bila kumuuliza hata siku moja. Alafu mwaka wa uchaguzi ukifika yale yote yanamwagika kwa wiki mbili na yule aliekuwa akikukopesha sukari anakuwa hakujui.

Mimi naona hatujawahi kuumia hapa kwa sababu tumezungumza siasa sana. Tunaumia kwa kuwa tunaizungumza na wa kwetu tu, chama kimoja, maskani moja (kijiwe cha chama), hapo tunatiana moto wenyewe kwa wenyewe, na yule wa upande wa pili tunamnyamazia mpaka siku ya kumtukana. Watu wa mjini wanaelewa. Michenzani kuna Kisonge, maskani ya CCM inayojulikana nchi nzima kwa yale yanayoandikwa pale ubaoni. Ukiingia Mji Mkongwe kuna Jaws Corner, hapo miaka yote kahawa inanyweka na wapinzani. Kutoka moja kwenda nyengine unakwenda kwa miguu na jua halijakuchosha. Na kuna watu wazima, wana wajukuu, hawajawahi kukaa kitako kwenye ile ya pili hata kwa kikombe kimoja.

Na sio ya leo haya. Wazee wetu wakiitaja miaka ya 1957 mpaka 1963 wanasema zama za siasa, na uso unabadilika. Vilikuwepo vyama vya ASP (Afro-Shirazi), Hizbu (yani ZNP) na ZPPP, na ilifika pahala mtu hanunui chumvi dukani kwa mtu wa chama chengine, hapandi gari yake, na akifa hendi kumzika. Uchaguzi wa Januari 1961 ASP walipata viti 10, Hizbu 9, ZPPP 3, na kile cha Chake Chake ASP walikipata kwa kura moja, kura moja jamani. ZPPP wakagawanyika, pande mbili zikawa 11 kwa 11, serikali haikuundika, uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka ule ule na watu 68 wakafa kwenye fujo zilizofuata. Miaka 34 baadae, 1995, tunarudi kwenye vyama vingi na matokeo yaliyotangazwa ni asilimia 50.2 kwa Dk. Salmin Amour wa CCM na 49.8 kwa Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF. Mwaka 2010 tena, Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM 50.1, Maalim 49.1. Kila upande una maneno yake juu ya hesabu hizo na sitaki kuingia huko leo. Ninachotaka msomaji akione ni kuwa hii ni nchi iliyokatika kati kwa kati tokea babu zetu. Nusu ya Zanzibar haiwezi kuihamisha nusu nyengine, haina pa kuipeleka. Kwa hiyo tukubali tukatae tutakaa pamoja, na aliekaa na mtu nyumba moja lazima ajue mwenzake anaogopa nini.

Mimi asili yangu Pemba, nimesoma skuli na nimeolewa huko kabla ya kuhamia Unguja. Miaka ile baada ya 1995 nimeona kwa macho yangu maiti anatoka nyumbani kwake, mtu mzima, fundi aliewajengea nusu ya kijiji nyumba zao, na jeneza linabebwa na watu wale wale hakuna wa kuwapokea, mana wengine wote wamekaa majumbani mwao milango imefungwa. Kwa vile tu yeye alikuwa chama kile. Ndani sisi wanawake tulikuwa wachache mno, khitma haikujaza hata mkeka mmoja. Mtoto wake wa kike hakulia kwa kifo tu siku ile, alikuwa akichungulia dirishani akitaja majina ya waliokuwa hawajaja. Waislamu sisi, mazishi ni faradhi kwetu, na siasa ilituondoa hata hapo. Na nakuhakikishieni upande wa pili nao wana visa kama hichi, wametengwa, wamefukuzwa kazini, wamenyimwa vitambulisho kwa sheha, yani kiongozi wa mtaa, kila mmoja na lake. Aliefanyiwa hasahau, aliefanya hata hakumbuki kama alifanya.

Sasa tuje kwa viongozi. Ukisoma historia yetu utaona kila walipokaa kitako tulipumua na kila walipopeana mgongo tulizika. Muafaka wa kwanza baina ya CCM na CUF ulisainiwa 1999 kwa usuluhishi wa Jumuiya ya Madola, ukawekwa kabatini, uchaguzi wa 2000 ukavurugika mpaka majimbo 16 ya Unguja yakarudiwa, na Januari 26 na 27 mwaka 2001 yakatokea yale mauaji ya waandamanaji ambayo sitaki hata kuyaeleza hapa kwa kirefu. Zaidi ya watu elfu mbili walivuka bahari kwa ngalawa na mashua kwenda Shimoni, Kenya, wakawa wakimbizi, Wazanzibari wakimbizi kutoka nchi inayojiita ya amani. Ndo Oktoba ile ile ukasainiwa muafaka wa pili.

Alafu likaja la Novemba 5, 2009, Rais Amani Karume na Maalim Seif wakaonana Ikulu wawili wao, hakuna mzungu katikati wala mpatanishi wa kukodi. Siku mbili baadae Maalim akaenda uwanja wa Kibandamaiti kuwaambia watu wake kuwa sasa tunamtambua Karume kuwa ni Rais, na wafuasi wake mwenyewe wakapandwa na hasira mbele yake. Mimi kipande hiki ndo nakiona kikubwa kuliko hata kile cha kupeana mikono. Kumpa mkono adui yako mbele ya kamera kunataka moyo, nakubali, ila kurudi kwa watu wako wanaokupenda, wanaokuita shujaa, ukawaambia jambo wasilotaka kulisikia, hapo ndo pagumu. Na Karume nae alikuwa na wake wa kuwatuliza huko CCM, hawakuwa wachache. Ikaundwa kamati ya watu sita, watatu huku watatu kule, mzee Hassan Nassor Moyo akaisimamia, mtu wa Mapinduzi ya 1964 khasa huyo, hakuna wa kumwambia yeye ni Hizbu. Julai 31, 2010 tukapiga kura ya maoni, asilimia 66.4 tukasema ndio kwa serikali ya umoja wa kitaifa. Na uchaguzi wa mwaka ule, Mhariri wewe unakumbuka, tulilala. Watu walipiga kura wakarudi majumbani wakapika. Huku kwetu Ng'ambo watoto walicheza nje mpaka usiku wakati matokeo yanasubiriwa, jambo ambalo 2000 na 2005 hakuna mama angelithubutu.

Kwa nini haikudumu? Wengi watakuambia ni Oktoba 28, 2015, mwenyekiti wa tume Jecha Salim Jecha alipoufuta uchaguzi, na ni kweli hapo ndo palipochanika. Sipunguzi uzito wa siku ile. Lakini mimi najiuliza jambo jengine, kwa nini palipochanika juu na chini pote pakachanika siku hiyo hiyo? Mana haikupita hata miezi Pemba kukarudi kule kule kugomeana, huyu hauziwi, yule hapandishwi gari, mikarafuu ikakatwa usiku, na Unguja watu wasiojulikana wamefunika nyuso wakawa wanapiga raia mitaani. Januari 2016 kwenye sherehe za Mapinduzi pale uwanja wa Amaan likapitishwa bango la kuwabagua Wazanzibari wenzetu kwa asili zao, mpaka CCM wenyewe ikabidi waombe radhi. Na wanawake wakapewa talaka kwa kura walizopiga, yani nyumba inavunjika kwa karatasi iliyotumbukizwa sandukuni kwa siri. Agosti mwaka huo huo alipofariki mzee Aboud Jumbe, kwenye maziko, Maalim hakuupokea mkono wa Dk. Shein. Upande mmoja ulishangiria na mwengine ukakasirika, na vijana wakaigeuza klipu ile ikazunguka kwenye masimu mwaka mzima. Mimi niliitizama mara moja tu, nikaona wanaume wawili wazee waliofanya kazi pamoja miaka mitano, mmoja Rais mmoja Makamu wake wa Kwanza, na hawana tena neno la kuambiana.

Jibu langu ni hili. Maridhiano yale yalikuwa ya Ikulu na ya Baraza la Wawakilishi, hayakuteremka kwenye shehia. Wakubwa sita walikaa miezi wakaambiana ukweli wote, wakagombana, wakasameheana, sisi tukaletewa karatasi ya ndio au hapana. Tukasema ndio, kwa sababu tulikuwa tumechoka. Lakini hakuna aliekwenda Mtambwe ya Pemba na Donge ya Unguja akawakalisha watu wa kawaida wakaambiana kama wale sita walivyoambiana. Kwa hiyo chuki ilinyamaza tu, ikabaki pale pale chini, na kamba ya juu ilipokatika ikainuka.

Maalim alirudi serikalini Disemba 2020 akaapishwa na Rais Dk. Hussein Mwinyi, safari hii kwa tiketi ya ACT Wazalendo, baada ya uchaguzi mwengine uliomwaga damu. Februari 17, 2021 akafariki. Akenda kuzikwa kwao Nyali, Mtambwe. Wapo waliomuona msaliti kwa kuingia tena kwenye serikali ile na wapo waliomuona ndo mtu pekee aliebaki na subira, na hata hilo hatujawahi kulizungumza wenyewe kwa wenyewe bila ya kurushiana maneno.

Nitaeleza sasa kitu kimoja nilichokiona karibu, mana nisije nikaonekana nahubiri tu.

Mimi nipo kwenye kikundi cha hisa cha akinamama, hichi cha kawaida, tunakutana kila wiki uani kwa mmoja wetu, sanduku lina kufuli tatu na kila ufunguo una mtu wake. Kuna bibi mmoja mwenye asili ya Donge, CCM wa damu, kanga yake ya kijani haikosi, na kuna dada mmoja wa Micheweni, Pemba, anauza urojo, huyo alikuwa CUF na sasa ni ACT. Wote wawili washika funguo. Miaka baada ya ile mivutano ya 2016 walikuwa wanakaa pembe mbili tofauti za mkeka, hisa wanatia, salamu wanatoa kwa sababu ni sunna, basi. Siku moja pesa zimeshahesabiwa, sanduku bado halijafungwa, tunasubiri mmoja aliekwenda kuchukua chenji, kwenye redio ya jirani ikapita hotuba ya mambo ya Mapinduzi na yule dada akaguna. Bibi akamgeukia. Sote tukajua leo pameharibika.

Bibi hakumtukana. Alimwambia, "Mwanangu, umeguna nini? Niambie, mimi nataka kujua, usinifiche."

Dada akasema, "Hakuna bibi, tuache tu."

"Hatuachi. Sote wazima, mlango umefungwa, sema."

Dada nae akasema, tena sauti ikitetemeka, kuwa yeye Januari 2001 alikuwa mtoto, kaka yake alitoka usiku hakuaga, akapanda mashua kwenda Shimoni, na mama yao alikaa siku hajui kama mtoto wake yuko hai au yuko baharini, na wao walikuwa wamelala chini ya kitanda kwa kuogopa risasi. Kwa hiyo bibi mimi nikisikia wanaimba Mapinduzi Daima naona kile kitanda, siwezi kupiga makofi, nisamehe.

Bibi alikaa kimya muda. Akauliza, "Kaka yako alirudi?"

"Alirudi, baada ya muafaka."

"Alhamdulillah." Alafu akasema neno ambalo sikulitegemea kutoka kwake, akasema hayo ya Shimoni mimi miaka yote nikiambiwa ni propaganda ya wapinzani, sijawahi kukaa na mtu aliekuwepo. Na yeye akaeleza ya kwake. Baba yake alikuwa mkaazi tu kwenye shamba la mtu, akilima chini ya minazi ya mwenyewe, siku akiambiwa hama anahama na vitoto vyake na migomba yake anaiacha. Baada ya Mapinduzi Mzee Abeid Karume, Rais wa mwanzo, akagawa eka tatu tatu na baba yake akapata. Huyu bibi alizikwa kitovu kwenye ardhi ya mtu na akaolewa kwenye ardhi ya baba yake. "Sasa mimi nikisikia vijana wanasema Mapinduzi yalikuwa dhulma tupu, najua kinachofuata ni hizo eka tatu. Siku mukishika nyinyi, mwenyewe atarudi na hati yake."

Yule dada akamkodolea macho. "Bibi, nani kakuambia sisi tunataka eka zako? Kwetu Micheweni hata hao wenye mashamba hatuna, ni mawe matupu. Mimi nataka kura yangu ihesabiwe tu."

"Huo ndo ukweli wako?"

"Wallahi bibi."

Basi. Hakuna aliehama chama, hakuna aliemwambia mwenzake umeshinda. Bibi ni kijani mpaka leo, dada ni zambarau mpaka leo. Ila Oktoba 2020 intaneti imekatwa, maduka yamefungwa, mtaani askari watupu, bibi alimtuma mjukuu wake na kibakuli cha unga kwa yule dada kwa sababu alijua yeye anaishi kwa biashara ya siku na ana watoto. Na dada alipokuwa akisikia vijana wa kwao wanawaita watu wa Donge majina, alikuwa anawakata, anawaambia nyinyi hamjui hao watu walitoka wapi.

Nimeifikiria sana siku ile na nadhani yapo mambo yaliyoifanya iwe ilivyokuwa. La kwanza hapakuwa na watazamaji. Sisi tuliokuwepo tulikuwa tunajuana, hakuna aliekuwa anarikodi, hakuna wa kumshangiria mmoja. Watu wale wale wawili waweke kwenye laivu ya TikTok na vijana mia wanaandika "mpe huyo, mpe huyo," wangetukanana mpaka kuche, mana pale humjibu tena mwenzio, unawajibu wa kwako wanaokuangalia. La pili bibi aliuliza kilichomkuta mtu, hakuuliza msimamo wake. Msimamo wa mtu nishaujua kabla hajafungua mdomo, wa chama changu na wa chama chake yote nimeyasikia redioni. Kilichomkuta sikijui. Na hilo la Shimoni na la eka tatu huwezi kulibishia, sio hoja, ni maisha ya mtu. Na la tatu, bibi alimuuliza "huo ndo ukweli wako?" na alipojibiwa alikubali. Hakumwambia lakini chama chenu bwana kule kilifanya hivi, na Hizbu mwaka 61 walifanya hivi. Hakumtwisha dada muuza urojo madhambi ya watu ambao walikufa yeye hajazaliwa.

Najua wapo watakaonijibu, tena kwa hasira na wana haki yao, kuwa haya mazungumzo ya heshima ni dawa ya usingizi, mtu kaporwa kura yake, kauliwa ndugu yake, wewe unamwambia akae azungumze kwa adabu. Hapana, sisemi hivyo. Muafaka wa 1999 ulikufa kwa sababu yaliyokubaliwa hayakutekelezwa, na mazungumzo ambayo mwisho wake hakuna kinachobadilika ni kumchezea mtu. Tume iwe huru, waliouliwa wajulikane na watajwe, aliefanya aulizwe. Hayo yadaiwe mahakamani na barazani na kwenye mikutano, na wala heshima haimzuii mtu kudai. Yule dada alimwambia bibi mambo mazito kuliko yote niliyowahi kusikia kwenye mkutano wa hadhara, na hakumkosea hata neno moja. Kumheshimu mtu sio kumficha unachokiamini. Mimi naona hata kumficha ndo dharau, yani umeshaamua kichwani kwako kuwa huyu hana akili ya kuelewa.

Na kwa upande wa wenzangu wa CCM wanaosema mbona nchi imetulia, ya nini kuyafukua ya nyuma. Nchi ilitulia vile vile 2014.

Kwenye magrupu ya familia ndo tunapoharibu zaidi kwa sasa, na hapa naomba kila anaesoma atizame simu yake. Grupu la ukoo wetu lina watu wa Unguja, Pemba, Dar, Mombasa, Muscat na mmoja yuko London, na hao walio mbali ndo wakali kuliko sote, mana wao moto ukiwaka hawauonji. Mtu anachukua klipu ya sekunde thelathini ya kiongozi wa upande wa pili, haina mwanzo haina mwisho, anairusha na vikatuni vya kucheka. Shangazi anajisikia katukanwa yeye, anatoka kwenye grupu. Alafu shangazi akiumwa hakuna anaejua, na akifa tunaanza kuulizana nani alikuwa anawasiliana nae. Sisi kwetu tuliamua, baada ya mabishano makali, kuwa siasa haitozuiliwa ila anaetaka kumjibu mwenzake ampigie simu ya sauti, asiandike. Basi ilipungua mno, na waliopigiana walikuwa wakirudi kwenye grupu wanasema tumezungumza na fulani, yeye anaona hivi na mimi naona hivi. Sauti ya binadamu inatia haya. Ukimsikia anapumua huwezi kumuita kibaraka.

Viongozi wa dini nao, samahani mashekhe zangu, hotuba ya Ijumaa kabla ya uchaguzi inakuwa "tudumishe amani" na mambo yameishia hapo. Tufundisheni namna. Muiteni mwana CCM na mwana ACT wa msikiti mmoja wanaoswali safu moja, baada ya isha, msikitini au uani, wakae na watu kumi, waulizane. Masheha vile vile, wao wengi wanaonekana ni wa chama, na wakitaka kuaminika waanzie hapo, wakubali kusikiliza ya watu waliowanyima barua na vitambulisho, wasikatize.

Vijana waliozaliwa baada ya 2001 ndo wanaoniogopesha na ndo wanaonipa moyo pia. Wanatukana matusi ya mwaka 1961 bila kujua yametoka wapi, mtoto wa miaka 19 anamuita mwenzake Hizbu na Hizbu ilikufa kabla baba yake hajazaliwa. Lakini wakipewa nafasi wanauliza masuala ambayo sisi tuliogopa. Mwanafunzi mmoja wa mtaani kwetu alinijia kuniuliza, bi, kwani 2001 ilikuaje, skuli hatusomeshwi. Nikamwambia nitakupeleka kwa watu wawili, usisikilize mmoja. Alikwenda kwa wote wawili, akarudi ananiambia bi, kila mmoja analia pahala tofauti. Mtoto huyo anajua zaidi kuliko wabunge kadhaa.

Mhariri, sasa nakuja kwenu na ombi maalum. Gazeti lenu linachapisha maoni ya upande huu wiki hii na ya upande ule wiki ijayo, na kila mmoja anaandikia watu wake. Toeni ukurasa mmoja kwa wiki muite wawili, mwana CCM na mwana ACT, wasiwe wagombea wala wasemaji wa vyama, watu tu, mvuvi, mwalimu, mama wa sokoni. Kila mmoja aandike kwanza ilivyomkuta, kilichomfanya awe chama kile. Alafu aieleze hoja ya mwenzake kwa maneno yake, na musiichapishe mpaka mwenzake aisome aseme ndio, ndivyo ninavyoamini. Baada ya hapo ndo kila mmoja ajibu, kwa ukali anaoutaka, bila ya kutaja asili ya mtu wala babu ya mtu. Musiwape wasomaji nafasi ya kupiga kura nani kashinda.

Wa kuanzia ninao, mmoja wa Donge na mmoja wa Micheweni, nimewauliza na wote wameridhia, ila wametaka majina yao yasiandikwe mpaka wasome wenyewe kilichochapwa. Yule dada anapatikana asubuhi kabla hajaanza kupika, bibi muda wowote baada ya laasiri. Nambari yangu nimeiacha kwa mhariri wa barua, nipigieni niwaunganishe.

Wenu,
Msomaji wa kila siku, Ng'ambo, Unguja